Kadi ya SIM au eSIM: Vigezo vya Kukusaidia Kuchagua

Simu janja nyingi zinazotengenezwa siku hizi humwachia mmiliki achague kati ya njia mbili za kuiunganisha simu na mtandao. Njia ya kwanza ni kadi ya SIM, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chipu ya rangi ya dhahabu kinachowekwa kwenye trei ubavuni mwa simu. Njia ya pili ni eSIM, yaani chipu iliyopachikwa ndani ya simu tangu kiwandani, isiyotolewa, ambayo laini huingizwa humo kwa kupakuliwa kupitia intaneti. Simu nyingine zinakubali zote mbili kwa pamoja, nyingine zinakubali kadi peke yake, na sasa zipo ambazo hazina trei kabisa.

Swali ambalo watu wengi huanza nalo, kwamba ipi inashika mtandao vizuri zaidi, lafaa liwekwe kando mapema. Nguvu ya mawimbi na kasi ya data hutegemea umbali wa mnara, msongamano wa watumiaji, antena na modemu ya simu, pamoja na kifurushi ulichonunua. Kadi na eSIM hazina mchango wowote katika hayo, na laini ya kampuni ileile itafanya kazi sawasawa katika maumbo yote mawili. Kinachozitofautisha ni mamlaka ya kuihamisha laini. Kadi huhama kwa mkono wa mwenyewe, ilhali eSIM huhama kwa idhini ya mfumo wa kampuni ya simu, na karibu kila faida na kila kero itakayotajwa hapa chini inachipuka kutoka katika tofauti hiyo moja.

Vigezo vinavyotumika

Ulinganisho huu unazipima njia zote mbili kwa mambo matano: namna zinavyofanya kazi, urahisi wa kuanza kuzitumia, kuhama kutoka simu moja kwenda nyingine, usalama dhidi ya wezi na matapeli, na matumizi ya mtu anayesafiri au mwenye laini zaidi ya moja. Umbile la kifaa limeguswa kwa ufupi tu. Bei haimo, kwa sababu bei ya laini hupangwa na kampuni ya simu wala haipangwi na teknolojia; kampuni moja inaweza kuitoza eSIM na nyingine ikaitoa bure, na kesho huenda zikabadilishana.

Namna zinavyofanya kazi

Kadi ya SIM ni zaidi ya ghala la namba. Ni kompyuta ndogo kamili yenye prosesa, kumbukumbu na programu zake, inayopata umeme kutoka kwenye simu kupitia vile vipande vya dhahabu. Ndani yake kuna vitu viwili vya msingi. Cha kwanza ni namba ya utambulisho wa mteja, iitwayo IMSI, yenye tarakimu zisizozidi 15: tatu za mwanzo hutaja nchi, mbili au tatu zinazofuata hutaja mtandao, na zilizobaki humtaja mteja. Cha pili ni ufunguo wa siri, kwa kawaida wa biti 128, ambao nakala yake nyingine iko kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Namba ambayo watu hukupigia haimo katika utambulisho huo. Kampuni huioanisha na IMSI katika hifadhidata yake, na ndiyo maana inaweza kukupa kadi mpya kabisa huku namba yako ikibaki ileile.

Simu inapojiunga na mtandao, mtandao huipelekea simu namba ya kubahatisha. Chipu huichanganya namba hiyo na ufunguo wa siri kwa hesabu maalumu, kisha hurudisha jibu. Mtandao nao hufanya hesabu hiyohiyo kwa upande wake, na majibu yakilingana mteja anaruhusiwa kupita. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani hata mara moja. Katika mitandao ya kizazi cha pili ni simu pekee iliyotakiwa kujithibitisha, jambo lililowapa mwanya watu wenye minara bandia. Tangu kizazi cha tatu, mtandao nao hujithibitisha kwa simu. Yote haya hutendeka vilevile, iwe unatumia kadi au eSIM.

Njia zinaanza kuachana katika swali la namna taarifa hizo zinavyofika kwenye chipu. Kwa upande wa kadi, IMSI na ufunguo huandikwa kabla kadi haijamfikia mteja. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich kwa ajili ya Radiolinja, kampuni ya simu ya Finland, zikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Tangu hapo umbo limekuwa likipunguzwa: milimita 25 kwa 15, kisha 15 kwa 12, na mwaka 2012 ikaingia nano yenye milimita 12.3 kwa 8.8, ambayo ndiyo inayotumika katika simu nyingi za leo. Kilichopunguzwa zaidi ni plastiki ya pembeni, ndiyo maana kuna waliozikata kadi zao za zamani kwa mkasi na zikaendelea kufanya kazi.

Kwa upande wa eSIM, chipu huondoka kiwandani bila laini ya mteja yeyote. Inayo namba yake ya kudumu ya tarakimu 32, iitwayo EID, na vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kwamba ni chipu halali. Kampuni ya simu huandaa profaili, yaani mkusanyiko wa IMSI, ufunguo wa siri, mipangilio ya mtandao na hata programu za menyu ya laini, na kuiweka kwenye seva maalumu. Simu yako inapowasiliana na seva hiyo, kila upande hukagua vyeti vya mwenzake, halafu profaili hufungwa kwa usimbaji ambao ni chipu hiyo moja tu inayoweza kuufungua. Utaratibu huu kwa vifaa vya watumiaji wa kawaida uliwekwa na GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, mwaka 2016. Mwaka huohuo ikatoka saa ya Samsung Gear S2 yenye eSIM, ikafuatwa na simu ya Google Pixel 2 mwaka 2017, kisha iPhone XS na XR mwaka 2018.

Msimbo wa QR unaopewa unapojiunga na eSIM si laini yenyewe, ingawa wengi huuchukulia hivyo. Ndani yake kuna anwani ya seva na namba ya kuchukulia profaili, basi. Profaili ikishapakuliwa, kwa kawaida msimbo huo hauna kazi tena na aliyeupiga picha hapati kitu. Kabla hujautumia, hata hivyo, unaweza kuwa mali ya yeyote atakayewahi, kwa hiyo usiusambaze wala usiuache kwenye barua pepe inayosomwa na watu kadhaa.

Kuanza kuitumia

Hapa kadi inashinda kwa urahisi. Unaitia kwenye trei, unasubiri sekunde chache, na simu iko hewani. Haihitaji intaneti, haihitaji akaunti, na inakubalika hata kwenye simu ya vitufe yenye nafasi ya ukubwa wake. Usajili wa utambulisho unaodaiwa na sheria za nchi nyingi unabaki palepale kwa njia zote mbili, kwa hiyo asiwepo wa kudhani kwamba eSIM ni mlango wa kuukwepa.

Kwa eSIM, sharti la kwanza ni kuwa na intaneti kabla ya kuwa na laini, jambo ambalo kwa mtu asiye na Wi-Fi karibu wala laini nyingine ni kikwazo cha kweli. Sharti la pili ni kwamba simu iwe na chipu hiyo. Msimbo wa QR nao huleta usumbufu mdogo wa kuchekesha: umetumwa kwenye simu ileile unayotaka kuiunganisha, nayo kamera yake haiwezi kupiga picha kioo chake yenyewe. Dawa ni kuufungua msimbo kwenye kifaa kingine, au kuandika anwani na namba ya kuchukulia kwa mkono kwenye mipangilio, au kutumia programu ya kampuni ya simu ambayo huingiza profaili moja kwa moja. Simu kadhaa za sasa huweza pia kuusoma msimbo kutoka kwenye picha iliyohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, kazi yote huisha kwa dakika chache bila kutoka ulipo, na mteja anayeishi mbali na ofisi za kampuni yake ya simu hapo ndipo anapoionja faida yake.

Kuhama kutoka simu moja kwenda nyingine

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote kwa maoni yangu, na ndicho kinachosahaulika wakati wa kununua simu, pengine kwa sababu siku hiyo hakuna anayewazia kioo kilichopasuka.

Mwenye kadi hahitaji ruhusa ya mtu. Simu ikizimika jumla, anaitoa kadi, anaiweka kwenye simu ya akiba au ya ndugu yake, na namba yake iko hai. Hatajieleza kwa huduma kwa wateja, hatasubiri saa za kazi, na haijalishi kama simu mpya ni ya mfumo wa Android au iPhone. Uhuru huu ulikuwa shabaha ya kadi tangu mwanzo wa mitandao ya GSM, yaani ile ya kizazi cha pili: mteja na kifaa viwe vitu viwili vinavyotenganishika. Kadi nayo ina udhaifu wake, kwani hupinda, huchakaa vipande vyake vya dhahabu, na nano iliyodondoka chini ya kiti cha gari si rahisi kuonekana. Ikipotea au ikifa, mwenye nayo analazimika kuiendea kampuni ya simu kama mwenye eSIM tu.

Mwenye eSIM ana njia tatu. Ya kwanza ni kuhamisha moja kwa moja kutoka simu ya zamani kwenda mpya zikiwa zimewekwa karibu, huduma iliyomo katika iPhone nyingi na katika baadhi ya simu za Android, endapo kampuni ya simu imeiruhusu. Ya pili ni kuomba profaili mpya kupitia programu au tovuti ya kampuni. Ya tatu ni kwenda ofisini na kitambulisho. Ndani ya mfumo mmoja wa simu mambo huwa mepesi. Kuvuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mara nyingi hukurudisha kwenye njia ya pili au ya tatu.

Kuna mitego miwili inayostahili kujulikana mapema. Mtego wa kwanza ni wa simu iliyokufa ghafla. Unaomba profaili mpya, na kampuni, kwa nia njema ya kukulinda, inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ileile iliyokwama ndani ya simu isiyowaka. Mwenye eSIM anapaswa kufahamu mapema kampuni yake inatumia njia gani nyingine ya uthibitisho, iwe barua pepe, nywila ya akaunti au kitambulisho, na kuhakikisha taarifa hizo si za miaka mingi iliyopita. Mtego wa pili ni wa kufuta. Kuzima laini kwenye mipangilio na kuifuta ni vitendo viwili tofauti kabisa: iliyozimwa huwashwa tena wakati wowote, lakini profaili iliyofutwa imetoweka kwenye chipu, na msimbo wa zamani kwa kawaida haukubali kuirudisha. Simu inaporejeshwa kwenye mipangilio ya kiwandani huuliza kama eSIM zifutwe au zibaki, na jibu la haraka kwenye swali hilo limewaacha watu wengi bila namba mchana kutwa.

Usalama

Hebu tuanze na mwizi aliyeshika simu mkononi. Kama simu ina kadi, hana haja ya kuifungua; anaitoa kadi, anaiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo ujumbe wote wenye namba za uthibitisho unamfikia yeye. Kwa namba hizo anaweza kujaribu kubadili nywila za barua pepe na za huduma za kifedha. Kinga yake ipo tangu zamani, nayo ni PIN ya kadi, ambayo hudaiwa kila kadi inapowekwa kwenye simu au simu inapowashwa. Anayekosea mara tatu hufungiwa na kudaiwa PUK, yaani namba ya kuifungulia kadi, ya tarakimu nane, na anayekosea PUK mara kumi huiua kadi kabisa. Tatizo ni kwamba watu wachache hujisumbua kuiwasha PIN hiyo, na wengine huiacha ile iliyokuja na kadi, ambayo ni rahisi kubahatisha.

Kwa eSIM mwizi hana cha kuchomoa. Laini imo ndani ya simu, simu imefungwa kwa nywila, na maadamu haijazimwa wala kuwekwa kwenye hali ya ndege, inaendelea kuwa hewani na mwenyewe anaweza kuitafuta ilipo. Faida hii ni ya kweli, ila isitiwe chumvi: mwizi mzoefu huizima simu mara moja, na simu isiyo na nywila haina kinga hata ikiwa na eSIM.

Wizi wa pili ni ule wa tapeli asiyeigusa simu kabisa. Anajifanya kuwa wewe mbele ya kampuni ya simu, au anamhonga mfanyakazi, na namba yako inahamishiwa kwenye laini yake. Mwaka 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa baada ya namba yake ya simu kuporwa kwa mtindo wa namna hii. Dhidi ya utapeli huu kadi na eSIM ziko sawa, kwani udhaifu uko ofisini na kwenye mifumo ya kampuni, wala si kwenye chipu. Yapo mazingira ambamo eSIM inaweza hata kuuharakisha: tapeli aliyeingia kwenye akaunti yako ya kampuni ya simu anaweza kuomba profaili mpya na kuipakua papo hapo bila kadi yoyote kupita mkononi mwa mtu. Kwa hiyo nywila ya akaunti hiyo inahitaji uzito uleule wa nywila ya benki, na pale huduma inaporuhusu, namba za uthibitisho zinazotolewa na programu maalumu ndani ya simu ni salama kuliko zinazokuja kwa ujumbe mfupi.

Hofu ya kunakiliwa kwa kadi, ambayo bado husikika, ina asili yake. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba hesabu iliyotumiwa na kadi nyingi za GSM za wakati ule, iitwayo COMP128, ilikuwa dhaifu kiasi cha kuwezesha ufunguo wa siri kung'amuliwa kwa mtu aliyeishika kadi yenyewe. Hesabu zilizoshika nafasi yake ni imara zaidi, na jambo hili halipaswi tena kuwa sababu ya kuchagua upande mmoja.

Safari na laini zaidi ya moja

Msafiri mwenye simu ya kadi moja hulazimika kuitoa ya nyumbani ili kuweka ya ugenini, na tangu dakika hiyo namba yake ya kawaida haipatikani, pamoja na ujumbe wa benki unaotumwa kwake. Kadi ya nyumbani nayo inabaki ikizunguka kwenye pochi kwa safari nzima. Kinachoibeba kadi ni kwamba inakubalika karibu kila mahali penye mtandao wa simu, ikiwamo kwa kampuni ndogo zisizo na mfumo wa eSIM.

eSIM hubadilisha hali hiyo pakubwa. Unaweza kuipakua laini ya ugenini kabla hujaondoka, ukaiwasha ukifika, huku laini ya nyumbani ikiendelea kupokea ujumbe. Chipu moja inaweza kuhifadhi profaili kadhaa, ingawa zinazokuwa hewani kwa wakati mmoja kwa kawaida hazizidi mbili. Simu yenye trei moja na eSIM huwa na laini mbili hai. iPhone kuanzia toleo la 13 zinaweza kuwasha eSIM mbili kwa pamoja, na mfumo wa Android 13 wa mwaka 2022 uliweka msingi wa kufanya hivyo kwa chipu moja. Anayetenganisha namba ya kazi na ya nyumbani hunufaika vivyo hivyo bila kubeba simu mbili.

Laini nyingi za eSIM zinazouzwa kwa wasafiri ni za data tu: hazina namba ya kupigiwa, na huduma inayodai uthibitisho kwa namba ya nchi ile haitakubali. Baadhi yake hupitisha mawasiliano kupitia nchi ya tatu, hivyo tovuti zinaweza kukudhania uko kwingine na kurasa zikachelewa kidogo. Laini ya nyumbani nayo inapaswa kuzimiwa data kabla ya kuvuka mpaka, la sivyo simu inaweza kuitumia kimyakimya na deni likaja baadaye. Aidha, njia zote mbili zina sharti moja linalosahaulika, kwamba simu isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Simu iliyofungwa hukataa kadi ya kampuni nyingine, na profaili ya kampuni nyingine huikataa pia.

Mwenye simu isiyo na trei anahitaji tahadhari ya ziada. iPhone 14 iliyouzwa Marekani mwaka 2022 haikuwa na trei, na iPhone Air ya mwaka 2025 haina popote. Simu ya namna hiyo hutegemea mitandao yenye eSIM peke yake. Ukifika mahali ambapo kampuni zilizopo hutoa kadi tu, uzuri wa simu hautakusaidia. Kinyume chake nacho kipo: iPhone nyingi zilizouzwa China bara zilikuwa na nafasi ya kadi mbili na hazikuwa na eSIM, kwa hiyo jina la simu pekee halitoshi kukujulisha kilichomo ndani.

Umbile la kifaa

Trei ni tundu, na tundu ni njia ya vumbi na maji, ingawa simu nyingi zenye trei zimezibwa vizuri. Chipu ya kupachikwa huokoa nafasi, na kwenye saa janja nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama kifaa kitakuwa na laini yake au la. Kwenye magari na mitambo, chipu iliyochomelewa huhimili mtikisiko na joto kuliko kadi iliyoshikwa na trei.

Nani achague nini

Anayebadilisha simu mara kwa mara, fundi anayejaribu simu tofauti, na mtu ambaye simu yake huanguka kila kukicha wanafaidika zaidi na kadi, hasa kwa namba yao kuu. Hali ni hiyo kwa anayeishi mahali ambapo intaneti hukatika au ofisi ya kampuni ya simu iko mbali na huduma yake ya mtandaoni haiaminiki, kwani eSIM ikileta shida hapo hakuna njia fupi ya kuitatua. Mzee anayesaidiwa na wanawe kuendesha simu naye ni heri awe na kadi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuihamisha bila kujua nywila za akaunti. Wote hawa wawashe PIN ya kadi na kuiandika PUK mahali nje ya simu.

Anayesafiri nje ya nchi mara nyingi, anayetaka namba mbili kwenye simu moja, na anayehofia kuporwa simu kuliko kuharibikiwa nayo, wanaegemea upande wa eSIM. Kampuni au shirika lenye vifaa vingi vilivyotawanyika hupata faida ya pekee, maana laini zinaweza kuwekwa na kubadilishwa kwa mbali. Mwenye saa janja yenye mtandao wa simu kwa kawaida hana cha kuchagua, ila athibitishe kwanza kwamba kampuni yake ya simu inahudumia saa, kwani kuhudumia simu zenye eSIM hakumaanishi kwamba saa nazo zinahudumiwa.

Kwa mwenye simu inayokubali zote mbili, mgawanyo hutegemea hofu yake kubwa. Akihofia wizi, namba kuu iende kwenye eSIM na trei ibaki kwa ajili ya kadi za safari au za kampuni zisizo na eSIM. Akihofia kuharibikiwa na simu akiwa mbali na msaada, namba kuu ibaki kwenye kadi na eSIM itumike kwa data na laini ya pili.

Ambaye bado hajanunua simu aanze kwa kubonyeza *#06# kwenye simu anayoitaka: IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, itatokea kwenye kila simu, na EID nayo ikitokea, chipu ya eSIM imo. Kisha aiulize kampuni yake ya simu mambo mawili kabla ya kulipa. Je, inatoa eSIM kwa aina hiyo ya simu? Na simu ikifa usiku, atairudishaje namba yake kesho yake asubuhi?